Madiwani watatu kati ya 270

Januari 2023 jiji la Johannesburg lilipata meya mpya, Thapelo Amad wa chama cha Al Jama-ah. Baraza la jiji lina madiwani 270. Chama cha meya kilikuwa na watatu. ANC ilikuwa na 91, DA 71, ActionSA 44 na EFF 29, na kwa kuwa hakuna mkubwa aliyekuwa tayari kumwona mkubwa mwenzake kwenye kiti, kiti akapewa mdogo. Aprili haikuisha kabla Amad hajajiuzulu. Aliyemrithi, Kabelo Gwamanda, naye alitoka katika chama hichohicho cha watu watatu.

Huku kwetu, tuliozoea nusu mkate wa Kenya wa 2008 na Serikali ya Umoja wa Kitaifa ya Zanzibar ya 2010, mseto ni mahasimu wawili kupeana mkono. Afrika Kusini nayo ilianza na jambo linalofanana na hilo. Katiba ya mpito iliweka hesabu mapema: katika Bunge la viti 400, chama chenye viti 20 kina haki ya kupata mawaziri kwa uwiano wa viti vyake, na chenye 80 kinateua naibu rais. Uchaguzi wa 1994 ukaipa National Party viti 82. Kilivuka kiwango kwa viti viwili tu, na kiongozi wake F. W. de Klerk akawa naibu wa Nelson Mandela, sambamba na Thabo Mbeki. Mangosuthu Buthelezi wa IFP, chenye viti 43, akakabidhiwa Mambo ya Ndani. ANC yenye 252 haikumhitaji yeyote kati yao ili kutawala, ila sheria ilikuwa imekwishagawa mkate.

Katikati ya 1996 de Klerk alikiondoa chama chake serikalini, na Katiba mpya haikuufanya mgao ule kuwa wa kudumu. Mgao huo ulipokoma, anayetaka mseto lazima aujadili mwenyewe.

Somo hilo lilianzia mijini. Mwaka 2006 huko Cape Town, Helen Zille wa DA alikuwa na madiwani 90 katika baraza la 210. Akaunganisha vyama vidogo sita na chake, akachaguliwa meya kwa kura 106 dhidi ya 103. Wengi waliupa mseto ule wiki chache, nao ukasimama.

Ugumu wa ngazi hii uko kwenye saa na kwenye mlango. Saa, kwa sababu baraza jipya lazima likutane ndani ya siku 14 baada ya matokeo kutangazwa, limchague spika, kisha meya. Wajerumani hujadiliana kwa miezi na kuandika mkataba mnene kama kitabu. Hapa ni wiki mbili. Mlango, kwa sababu meya hana muhula wa uhakika: wingi wa madiwani wakimkataa, anatoka siku hiyohiyo. Nelson Mandela Bay iliona hilo Agosti 2018. Diwani mmoja wa DA alikataa kupiga kura, spika wa chama chake mwenyewe akaanguka, na kabla siku haijaisha meya Athol Trollip hakuwa na kazi. Kiti kilimwendea Mongameli Bobani wa UDM, chama chenye madiwani wawili kati ya 120.

Kisha ikaja zamu ya taifa. Mei 2024 ANC ilipata asilimia 40 na viti 159, pungufu ya nusu kwa mara ya kwanza tangu 1994. Katiba inalipatia Bunge siku 14 vilevile za kukutana. Juni 14 wabunge walikutana katika ukumbi wa mikutano wa Cape Town, maana jengo lao liliungua Januari 2022. Wakati wanaendelea kula kiapo, makubaliano ya ANC na DA yalikuwa bado yanatafutiwa saini. John Steenhuisen wa DA alitangaza kuwa yametiwa saini kikao kikiendelea. Usiku Cyril Ramaphosa wa ANC alichaguliwa rais kwa kura 283, dhidi ya 44 za Julius Malema wa EFF.

Siku hiyohiyo KwaZulu-Natal ilikuwa na hesabu yake. MK ya Jacob Zuma iliongoza kwa viti 37 kati ya 80; pamoja na EFF, 39. Upande wa pili IFP 15, ANC 14, DA 11: jumla 40. Nusu kamili, haitoshi. Kiti kimoja cha NFP ndicho kilichompa Thami Ntuli wa IFP uwaziri mkuu wa jimbo.

Februari 19, 2025, mawaziri wa mseto wa taifa waligoma kuipandisha VAT kutoka asilimia 15 hadi 17, na hotuba ya bajeti ikaahirishwa siku ileile iliyopaswa kusomwa. Aprili 2 Bunge lilipitisha mfumo wa mapato na matumizi uliokuwa na nyongeza ndogo zaidi, kwa kura 194 dhidi ya 182. DA, yenye mawaziri sita mezani, ilipiga kura ya hapana. ActionSA, yenye wabunge sita na isiyo na waziri hata mmoja, ilipiga ya ndiyo. Kabla Mei haijaingia, nyongeza yenyewe ilikuwa imefutwa.