Jinsi ya kuchunguza mipigo ya mabingwa wa tenisi na kuboresha mchezo wako

MNAMO Septemba 2007, Novak Djokovic, wakati huo kijana wa miaka 20 kutoka Serbia, aliwavunja mbavu mashabiki wa mashindano ya US Open jijini New York kwa kuwaigiza wachezaji wenzake. Alimwigiza Rafael Nadal akivuta kaptura yake, kisha Maria Sharapova akipanga nywele na kuudundisha mpira kabla ya kuuanzisha. Watazamaji waliwatambua walioigizwa hata kabla mpira haujapigwa.

Kichekesho hicho chafaa kukumbukwa na kila mchezaji wa ridhaa anayeketi mbele ya televisheni au simu kwa nia ya kujifunza kutoka kwa wachezaji wa kulipwa. Kinachonasa jicho kwanza ni madoido: namna bingwa anavyotembea, anavyofuta jasho, anavyoizungusha raketi baada ya mpira kuondoka. Madoido hayo ndiyo rahisi zaidi kuigwa, na ndiyo yasiyouvusha mpira wavu.

Hata hivyo, kuiga kwenyewe si kosa. Tenisi hufunzwa kwa macho kama ususi au useremala unavyofunzwa. Aidha, makocha waliohitimu ni wachache na ada yao ya saa moja ni mzigo kwa wengi. Kwa kijana anayepiga mpira ukutani peke yake kila jioni, huenda video ya bingwa ndiyo mwalimu pekee aliye karibu. Swali ni aangalie nini, na apuuze nini.

Miongoni mwa mifano bora katika historia ya mchezo huu ni ule wa Mmarekani Pete Sampras. Alipokuwa mvulana katika jimbo la California, aliongozwa na Pete Fischer, daktari wa watoto ambaye hakuwa kocha kwa taaluma. Fischer alimwonyesha filamu za Rod Laver, Mwaustralia aliyenyakua mataji yote manne makuu katika mwaka mmoja mara mbili, 1962 na 1969. Sampras alipofika umri wa miaka 14, daktari huyo alimshawishi aache kupiga bakihandi, yaani mpigo wa upande wa pili wa mwili, kwa mikono miwili na atumie mmoja. Hoja yake ilikuwa kwamba mpigo huo ungemfaa zaidi kwenye nyasi za Wimbledon.

Mabadiliko hayo yalimgharimu. Wavulana aliokuwa akiwashinda walianza kumshinda. Lakini mwaka wa 1990, akiwa na miaka 19, Sampras alitwaa ubingwa wa US Open, na kati ya 1993 na 2000 akashinda Wimbledon mara saba.

Kuna jambo katika kisa hicho ambalo husahaulika. Laver ni wa mkono wa kushoto na kimo chake ni takriban sentimita 173. Sampras ni wa mkono wa kulia na ana sentimita 185. Mvulana huyo hangeweza kunakili umbo la Laver hata kama angetaka. Alichoweza kuchukua ni kanuni: namna ya kujiandaa mapema, kuukuta mpira mbele ya mwili na kuusogelea wavu bila woga.

Basi, mtu atazitambuaje kanuni hizo? Njia ya kuaminika ni kutomtazama bingwa mmoja tu. Achague watatu au wanne wanaopiga mpigo uleule, kisha awalinganishe. Mahali wanapotofautiana ni mazoea ya mtu binafsi. Mahali wanapofanana ndipo palipo na kiini cha mpigo.

Chukua mfano wa sevu, yaani mpigo wa kuanzisha mchezo. Mmarekani Andy Roddick, ambaye mwaka wa 2004 aliweka rekodi ya wakati huo ya kasi ya takriban kilomita 249 kwa saa, aliinua raketi moja kwa moja mbele ya mwili bila kuizungusha chini. Roger Federer aliishusha raketi kwanza, kisha akaipandisha polepole kwa mzunguko mrefu. Mtazamaji mgeni angedhani hiyo ni mipigo miwili isiyohusiana. Lakini picha zikisimamishwa wakati magoti yamekunjwa na mkono uliorusha mpira ungali juu, na zikisimamishwa tena raketi inapougusa mpira, wawili hao wanakaribia kulingana: bega la upande wa raketi liko chini ya lile jingine, kisha mkono unanyooka na mpira unakutwa juu na mbele kidogo ya kichwa. Waliomwiga Roddick kwa kufupisha mzunguko wa raketi bila kutumia miguu kama yeye waliambulia sevu dhaifu na bega lenye maumivu.

Kusimamisha picha ni muhimu kwa sababu jicho la binadamu halina kasi ya kutosha. Raketi na mpira hugusana kwa muda wa takriban sehemu nne hadi tano za elfu moja ya sekunde. Video ya kawaida yenye picha 30 kwa sekunde mara nyingi huiruka nukta hiyo kabisa. Mpira uendao kwa kasi ya kilomita 180 kwa saa husafiri zaidi ya mita moja u nusu kati ya picha moja na nyingine. Simu nyingi za siku hizi hurekodi hadi picha 240 kwa sekunde, na tofauti ni kama ya usiku na mchana.

Televisheni nayo ina udanganyifu wake. Kamera kuu huwekwa juu, nyuma ya uwanja, ili mashabiki waone uwanja wote. Ikiwa hapo, hulifinya umbo la njia ya mpira. Mpira uliopita juu sana ya wavu kisha ukashuka kwa ghafla huonekana kana kwamba umepita ukiugusa wavu. Mchezaji wa ridhaa anayejaribu kuiga alichokiona huishia kuupiga mpira wavuni. Picha zilizochukuliwa kando ya uwanja, usawa wa kiuno, ndizo zinazofaa kwa mafunzo.

Msomaji huenda akauliza: kwa nini asiwasikilize mabingwa wenyewe wakieleza wanavyopiga? Jibu lilitolewa na Vic Braden, kocha na mwanasaikolojia wa Marekani aliyetumia miaka mingi kuwapiga picha wachezaji kwa kamera za kasi. Wengi wao walimweleza kwamba katika fohandi, mpigo wa upande wa mkono unaoshika raketi, wao huuviringisha mkono juu ya mpira wanapougusa. Picha zilionyesha vingine: uso wa raketi ulibaki karibu wima, na kule kuviringika kulitokea baada ya mpira kuondoka. Braden, aliyefariki mwaka wa 2014, alifikia uamuzi kwamba hata mabingwa hawajui kwa uhakika miili yao inafanya nini. Kwa hiyo ushauri wa bingwa usikilizwe kwa heshima, lakini picha yake iaminiwe zaidi.

Mpigo ulioigwa pengine kuliko yote katika karne hii ni fohandi ya Nadal, na ndio uliowaumiza waigaji wengi. Mhispania huyo, aliyestaafu mwaka wa 2024 akiwa na mataji 22 makuu, 14 kati yake ya French Open, aliipitisha raketi kutoka chini kwenda juu kwa ukali kiasi kwamba mara nyingi ilimalizia juu ya kichwa chake, kama mchungaji anayerusha kamba. Mtafiti John Yandell alipopima kwa kamera za kasi, aligundua kwamba mpira wa Nadal ulizunguka kwa wastani wa takriban mara 3,200 kwa dakika. Ule wa Federer ulikuwa takriban 2,700, na ule wa Sampras na Andre Agassi kati ya 1,800 na 1,900.

Tofauti hiyo haikutokana na mkono peke yake. Nyuzi za raketi za poliesta, zilizopata umaarufu baada ya Gustavo Kuerten wa Brazili kuzitumia kushinda French Open mwaka wa 1997, huteleza na kurudi mahali pake mpira unapogusa, na hivyo kuongeza mzunguko. Nyuzi hizo ni ngumu na hupeleka mshindo mkubwa mkononi. Nadal naye alikuwa na nguvu za mwili na miaka mingi ya mazoezi tangu utotoni. Mtu wa miaka 45 anayecheza Jumamosi baada ya juma zima la kukaa ofisini hana akiba hiyo. Wahenga walionya kuwa mwigaji wa tembo hupasuka msamba, na katika tenisi kinachopasuka kwanza ni kano za kiwiko au kifundo cha mkono.

Hata wataalamu hawakusalimika. Juan Martin del Potro wa Argentina alipasuliwa kifundo cha mkono wa kulia mwaka wa 2010, kisha cha kushoto mara tatu kati ya 2014 na 2015. Dominic Thiem wa Austria aliumia kifundo mwaka wa 2021 na hakuwahi kurejea katika kiwango chake hadi alipostaafu mwaka wa 2024. Ikiwa watu wenye madaktari na wakandaji wao wenyewe walifikwa na hayo, mzazi anayemnunulia mtoto wa miaka 11 nyuzi za poliesta ili apige kama Nadal anapaswa kufikiri mara mbili.

Kipi basi kinafaa kuigwa na mtu yeyote, mrefu kwa mfupi, kijana kwa mzee? Cha kwanza ni kichwa. Katika picha nyingi za Federer, macho yake yangali yanatazama mahali raketi ilipogusana na mpira, ilhali mpira wenyewe umekwishaondoka. Wachezaji wa ridhaa huinua kichwa mapema kutazama mpira utaangukia wapi, bega likafuata, na mpigo ukaharibika.

Cha pili ni mabega. Bingwa akishatambua mpira unaelekea upande gani, huyageuza mabega yote mawili kwa pamoja, na mara nyingi huwa tayari amegeuka mpira unapofika kwenye wavu. Mchezaji wa kawaida hurudisha mkono pekee, tena mpira ukiwa umeshadunda. Kuchelewa huko ndiko kunakomfanya aamini kwamba mpinzani wake ana kasi kuliko yeye.

Miguu ndiyo funzo kubwa lisilotazamwa. Mpinzani anapokaribia kuupiga mpira, bingwa huruka kidogo sana na kutua kwa miguu yote miwili, tayari kukimbilia upande wowote. Zoezi la manufaa ni kutazama gemu nzima huku macho yakifuata miguu ya mchezaji mmoja tu, bila kuujali mpira. Ni zoezi la kuchosha na wengi hulikatiza baada ya dakika mbili, lakini hakuna linalofunua zaidi siri ya mchezo huu.

Kuhusu mshiko, kigezo ni kimoja: sevu hushikwa kama mtu anavyoshika nyundo, si kama mpishi anavyoshika kikaango. Ukiwa na mshiko wa kikaango, mkono hauwezi kugeuka nje unapopiga, na kuiga sehemu nyingine yoyote ya sevu ya bingwa ni kazi bure. Sevu pia ndiyo mpigo bora wa kuanzia, kwa kuwa haitegemei mpira wa mpinzani. Serena Williams alisifiwa kwa kuurusha mpira mahali pamoja kwa kila aina ya sevu, hata mpinzani asijue unakoelekea. Urushaji huo waweza kufanyiwa mazoezi uani, bila raketi wala uwanja.

Wachezaji wa Kenya wana jambo la ziada la kuzingatia. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi huufanya mpira uende mbali zaidi. Mpigo ulionyooka ambao mjini Mombasa ungetua ndani ya mstari waweza kutoka nje jijini Nairobi. Ndiyo maana kanuni za kimataifa zinaruhusu mipira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Anayemtazama bingwa akicheza London au Melbourne na kutaka kumwiga katika nyanda za juu hana budi kuongeza mzunguko wa mpira, au kupunguza nguvu. Angella Okutoyi, aliyeshinda taji la wasichana wawiliwawili katika Wimbledon mwaka wa 2022 akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, ni miongoni mwa Wakenya waliokulia katika hewa hiyo ya Nairobi, na mipigo yake inastahili kutazamwa na vijana wa nyumbani sawa na ile ya wageni.

Lililosalia ni subira. Djokovic huyohuyo aliyewaigiza wenzake alibadilisha sevu yake alipokuwa akifanya kazi na kocha Todd Martin kati ya 2009 na 2010, na makosa mawili mfululizo ya kuanzisha yakamwandama msimu mzima. Alirudi kwenye mwendo uliomfaa, na mwaka wa 2011 akashinda mechi 41 za kwanza bila kupoteza hata moja. Kama mchezaji wa kiwango hicho alipotea njia kwa miezi mingi, mchezaji wa ridhaa asibadilishe zaidi ya jambo moja kwa wakati, wala asifanye hivyo majuma mawili kabla ya mashindano.

Utaratibu unaofaa ni huu: mpigo ufanywe kwanza bila mpira mbele ya kioo, kisha kwa mpira unaodondoshwa kwa mkono, halafu ukutani, ndipo uingizwe katika mchezo wenye kuhesabiwa alama. Simu iwekwe mara moja nyuma ya mchezaji na mara nyingine kando yake, kwenye kimo cha kiuno, na picha zihifadhiwe kwa tarehe. Baada ya majuma sita, picha ya kwanza na ya mwisho zilinganishwe kwanza zenyewe kwa zenyewe, kabla ya kulinganishwa na za bingwa.