Mkono wa Somo

Katika posa za pwani, baba wa binti alipewa kilemba, na mama akapewa mkaja. Mkaja ni nguo anayofungwa mzazi tumboni akishajifungua. Muoaji aliyeutoa alikuwa anakiri mbele ya wazee kwamba mke anayemchukua alitoka katika mwili wa mwanamke mwingine, na mwili huo uliumia ukahitaji kutunzwa. Hapo ndipo pa kuanzia historia ya kumkanda mwanamke, Unguja hata Mombasa.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa somo, yaani mwalimu wa wanawake katika mambo ya unyumba, huko Ng'ambo, Unguja. Aliitwa kwa mambo mawili: kumsinga bi harusi na kumkanda mzazi. Singo aliitengeneza mwenyewe: liwa iliyosagwa kwenye jiwe, karafuu, asmini na mawaridi makavu, vyote akavivuruga kwa marashi. Alianzia nyayoni, akapanda taratibu hadi mapajani, nyongani na kiunoni, na mkono ukienda, mdomo nao ulifundisha. Alimweleza bi harusi maumbile yake yalivyo, na kwamba raha ya unyumba ni haki ya wawili. Akamwonya asione maumivu kuwa ndiyo ada ya mke. Akiumia aseme, na akishindwa kumwambia mume, amwambie somo wake.

Kwa mzazi alichukua maji ya moto na mafuta ya nazi. Alikanda mgongo na nyonga, akimtazama usoni kila anapobonyeza, kisha akamfunga mkaja. Aliyechanika hakumgusa karibu na jeraha mpaka lipone. Na kwa arubaini nzima mume hakuwa na ruhusa ya kumkaribia mkewe. Bibi mwenyewe ndiye aliyemkumbusha, na hakuna mume aliyethubutu kubishana naye.

Elimu hii ina wenyewe, na haifai kuwasahau. Katika karne ya 19 wanawake wengi waliletwa Unguja na Mombasa kutoka bara wakiwa watumwa, miongoni mwao Wayao na Wanyasa. Walitenganishwa na jamaa zao, wakapewa hata majina mapya, lakini mafunzo ya unyago walikuja nayo vichwani. Mwanahistoria Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, alionyesha jinsi mila za makungwi, yaani walimu wa unyago, zilivyotoka kwa watumwa zikaingia hadi kwa waungwana. Unguja utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897, na miaka iliyofuata wanawake wa asili mbalimbali wakakutana katika unyago Ng'ambo. Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alikuwa kungwi kabla dunia haijamjua kwa sauti yake. Wanawake ambao sheria iliwahesabu kuwa mali ya bwana ndio waliowafundisha mabibi zao kwamba mwili wa mwanamke ni wake. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo ambayo pwani inadaiwa na watu wake.

Leo singo inauzwa madukani, imo kwenye kopo, na wasingaji hukodiwa kwa siku moja ya harusi. Hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni biashara ya dawa za kubana uke. Tusifiche: wapo makungwi waliofundisha kutumia shabu, na wapo wanaofundisha hadi leo. Shabu hukausha na kuchubua, na palipochubuka maradhi hupata njia. Mkono wa Bibi ulikomea nje, na tiba yake ilikuwa joto, mafuta, muda na maneno ya kweli.

Kukanda nako kuna mpaka wake. Homa, kutokwa na damu nyingi, uchafu wenye harufu, au maumivu ya tendo la ndoa yasiyokwisha ni mambo ya hospitali, na somo mwenye busara humshika mwenziwe mkono akampeleka.

Kwa hiyo nawaomba kina mama na mawifi: bi harusi akija kwenu, msimpake singo mkiwa kimya. Mwambieni ana haki gani. Na aliyejifungua mpeni arubaini yake kamili, hata kama alijifungulia hospitali ya kisasa na amerudi nyumbani siku ya pili.