Telegramu ya Bryan kwa McKinley

Nilikuwa karani wa posta enzi ambazo telegramu ililipiwa kwa neno. Mteja akiniletea fomu, nahesabu kwa ncha ya kalamu, namtajia bei, naye anaanza kufuta salamu ili pesa imtoshe. Kwa hiyo telegramu ya William Jennings Bryan ya mwaka 1896 naisoma kikarani. Neno lililobaki humo, mwenyewe alitaka libaki.

Bryan alikuwa wakili wa mji wa Lincoln, jimboni Nebraska. Mwaka 1894 aliutaka useneta, lakini siku hizo maseneta walichaguliwa na mabunge ya majimbo, na la kwao likampa mtu mwingine. Miaka miwili baadaye, akiwa na miaka 36, akagombea urais wa Marekani. Wakulima waliolemewa na madeni walimpenda kwelikweli. Alizunguka kwa treni takriban kilomita 29,000, akihutubia stesheni baada ya stesheni, wakati mpinzani wake, William McKinley, akipokea wageni barazani kwake Canton, Ohio.

Kura zilipigwa Jumanne, tarehe 3 Novemba. Nebraska ilisimama naye, nchi haikusimama naye: kura za wajumbe wanaomchagua rais zilikuwa 271 za McKinley kwa 176 zake. Wafuasi wake walikuwa na uchungu, wakilalamika kwamba waajiri waliwatisha wafanyakazi kuwa Bryan akishinda, kazi hakuna.

Alhamisi akatuma telegramu Canton. Alisema Seneta Jones amemjulisha kuwa matokeo yanaonyesha McKinley amechaguliwa, hivyo anaharakisha kumpongeza; suala lilipelekwa kwa wananchi, na matakwa yao ni sheria. Hilo jina la Jones ningemshauri mteja alifute. Bryan aliliacha, na naona alifanya jambo kubwa. Jones alikuwa mwenyekiti wa chama cha Bryan mwenyewe. Mfuasi mwenye hasira aliposoma, aliona habari imetoka nyumbani kwao, haikutoka kwenye gazeti la wapinzani. Wala Katiba ya Marekani haimdai aliyeshindwa hata sentensi moja. McKinley akajibu kwa shukrani.

Wanahistoria wengi huihesabu telegramu hiyo kuwa mwanzo wa desturi ya aliyeshindwa kumpongeza mshindi. Al Smith, gavana wa New York, alikubali kushindwa urais redioni mwaka 1928. Adlai Stevenson wa Illinois akafanya hivyo kwenye televisheni mwaka 1952.

Wanaodhani kupongeza ni kusalimu amri wamtazame Bryan. Alirudi ulingoni mwaka 1900 na 1908, akashindwa kote, na hoja zake hakuziacha, mojawapo ikiwa kwamba maseneta wachaguliwe na wananchi wenyewe. Marekebisho hayo ya Katiba yalipopita mwaka 1913, waziri wa mambo ya nje aliyetia saini tangazo la kuyathibitisha alikuwa Bryan.