Kodi ya Kiwanja

Wageni wakilisikia jina la Zanzibar hufikiria milango ya nakshi ya Mji Mkongwe, na sisi wenyewe ndio tuliowafundisha hivyo. Lakini anayetaka kujua namna watu wa kawaida wa mji huu walivyozidai haki zao, hapana budi avuke Darajani aingie Ng'ambo. Jina lenyewe linaeleza. Palikuwa na hori la bahari likiutenga mji wa mawe na upande wa pili, na daraja likiziunganisha pande mbili hizo. Hori lilifukiwa kidogo kidogo mpaka pakawa nchi kavu na barabara, ile iliyoitwa Creek Road na ambayo baadaye ilipewa jina la Rais Mkapa. Maji yakaondoka, Ng'ambo ikabaki kuwa Ng'ambo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mji ulikuwa ukikua upesi. Karafuu zilikuwa na soko, bandari ilihitaji wachukuzi, na gari la moshi lilikwenda Bububu. Reli hiyo ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney ya New York. Nautaja mji huo kwa makusudi. Huko New York, mwaka 1886, Henry George aligombea umeya akashindwa. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1879 alikuwa amedai kwamba thamani ya kiwanja cha mjini haiumbwi na mwenye kiwanja, bali na wingi wa watu wanaokizunguka kwa kazi na biashara zao. Basi kwa nini faida yote imwendee yeye aliyekaa tu? Sidhani kama Ng'ambo alikuwako mtu aliyepata kumsikia bwana huyo. Hawakuwa na haja naye, kwani hoja yenyewe walikuwa wakilala juu yake.

Mambo yalikuwa hivi. Nyumba ya Ng'ambo ilikuwa ya fito, udongo na makuti, nayo ilikuwa mali ya aliyeijenga: huiuza, huirithisha, hupangisha chumba. Wenye nyumba hizo wengi walikuwa wanawake, ambao nyumba ilikuwa ndiyo akiba yao ya pekee. Ila kiwanja kilikuwa cha mtu mwingine, au kilikuwa wakfu. Zamani bwana mwenye ardhi aliwaacha watu wake wajenge bila ya kulipa, nao wakimpa utumishi na heshima. Utumwa ulipofutwa mwaka 1897, na viwanja vilipopata bei, fadhila ile ikageuka risiti. Mwenye ardhi hakumhitaji tena mfuasi, alihitaji fedha. Katika miaka ya 1920 kodi ya viwanja ilipanda, na serikali ya Kiingereza haikuwa mwamuzi wa kando, kwani kwa kupitia Kamisheni ya Wakfu nayo ilikuwa mpokeaji wa kodi.

Aliyeshindwa kulipa alipelekwa kortini. Msomaji afikiri maana ya kumwambia mtu aondoe nyumba yake kwenye kiwanja cha watu. Mlango utaubeba, na boriti labda. Udongo uliouchimba, ukaukanda na kuukandika kwa mikono yako utautia kikapu gani?

Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa. Hawakuwa na chama cha siasa wala mjumbe katika Baraza la Kutunga Sheria, ambalo liliundwa mwaka 1926 na ambamo Mwafrika wa kwanza hakutiwa mpaka mwaka 1946, naye ni Sheikh Ameir Tajo. Walichokuwa nacho ni majirani, misikiti, mabaraza na ngoma zao. Mwaka huohuo Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba na mkaazi wa Ng'ambo, alikwenda Bombay kurikodi nyimbo zake katika santuri. Na miongoni mwa yaliyoimbwa na kundi lake ni habari za korti na hukumu zisizo haki. Serikali ikaona jambo haliishi kwa kupeleka watu kortini tu, ikatunga sheria ya kuwekea mpaka kodi ya viwanja. Kule Glasgow wapangaji waligoma mwaka 1915, na mwaka huohuo Bunge la Uingereza likazuia kodi za nyumba kupanda. Waingereza, kwa hiyo, somo hilo walikwisha lipata kwao.

Nimesomesha historia miaka mingi. Mapinduzi ya viwanda ya Uingereza tuliyafundisha kwa tarehe na ramani. Mgomo wa Ng'ambo haukuwamo katika kitabu chochote cha skuli nilichokabidhiwa.

Uzoefu wa mwaka 1928 haukupotea. Mwaka 1948 wachukuzi wa bandarini waligoma, na baada ya siku chache mgomo ukaenea mji mzima, Abbas Othman akiwa kiongozi wake, hata serikali ikaleta polisi kutoka Tanganyika. Na katika uchaguzi wa kwanza, Julai 1957, ni jimbo la Ng'ambo lililomchagua Abeid Karume na kumwangusha Ali Muhsin. Wanawake waliozimiliki nyumba za Ng'ambo hawakupiga kura siku hiyo. Walingoja mpaka mwaka 1961.

Baada ya Mapinduzi, Machi 1964, Karume alitangaza kuwa ardhi yote ni mali ya serikali. Kodi ya kiwanja ikafa. Sina shaka kwamba kwa mkaazi wa Miembeni au Kisima Majongoo hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko bendera. Kisha kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki ulichorwa mpango wa mji mwaka 1968, na katikati ya Ng'ambo yakainuka majumba ya Michenzani, marefu kama treni, yenye maji ya bomba na umeme, watu wakipewa bila ya kodi. Majengo hayo yalijengwa kwa kazi za kujitolea pia. Wapo wanaoyacheka. Mimi sicheki, kwani nimeingia nyumba za makuti wakati wa masika.

Lakini ili Michenzani isimame, mitaa ilibomolewa, na waliobomolewa hawakuulizwa. Kutoka 1964 hadi 1980 Zanzibar haikupiga kura ya kuchagua wawakilishi wake. Yule aliyepata kukataa kulipa mwaka 1928 alikuwa maskini, ila aliweza kukataa. Mwanawe alipewa nyumba bora, na hakuwa na pa kusema kwamba bibi mzee hawezi ngazi za ghorofa ya sita.

Katika miaka ya 2010 idara ya mipango miji, pamoja na wasaidizi wa kutoka nje, iliandaa mpango ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo, na kabla ya kuchora barabara mpya iliorodhesha mahali na shughuli ambazo wakaazi wenyewe wanazithamini. Michenzani nako watu walikwisha jipangia. Saa za jioni wakaazi wa juu hushuka, huketi chini ya majumba, na kahawa huuzwa hapohapo.