Paka ina matanga? Historia kidogo kutoka depo ya mama

Wenzangu wameshaandika hapa juu ya kahawa, juu ya reli, juu ya wafalme. Mimi leo naandika juu ya paka. Musicheke mbele ya kufika mwisho.

Nyumbani kwetu Uvira, mama ana depo ndogo ya mahindi na maharagi nyuma ya nyumba. Ananunua kwa walimaji wa bonde la Ruzizi wakati wa mavuno, anauza bei ikipanda. Kwa miaka sita mlinzi wa depo ile alikuwa paka mmoja wa rangi ya majivu. Tulimwita Kapita, sababu kila asubuhi alizunguka gunia kwa gunia kama kapita anayehesabu wafanyakazi wake.

Kapita alikufa mwezi wa pili. Niseme ukweli mapema: niliyemuua ni mimi. Panya walikuwa wamezidi nguvu za paka mmoja, mnunuzi alikuwa anakuja kisha siku tatu, na mimi, mwenye lisansi ya agronomia, nikanunua vifuko viwili vya sumu kandokando ya barabara, vile visivyoandikwa kitu. Nikachanganya na unga, nikaweka chini ya mbao. Kapita hakugusa unga. Alikula panya aliyekula unga. Tulimkuta amelala mlangoni pa depo, kama vile bado yuko kazini. Na kozi ya kulinda mazao nilipita na alama nzuri, munakumbuka.

Juma halijaisha, mama akaniuliza: "Mwanangu, utaleta ingine siku gani? Panya hazingoje mutu amalize kulia."

Dada yangu mdogo akaruka: "Mama, ata matanga haijaisha!"

Mama akacheka, kisha akanyamaza. Baadaye akasema polepole: "Paka haina matanga, binti yangu."

Ni neno hilo lililonirudisha kwenye vitabu. Nilitaka kujua kama ni kweli, na kama wazee wa zamani walijua siku ya kuleta paka mwingine.

Tuanzie kwenye jambo letu, mbegu. Paka wa nyumbani ametoka kwa paka-pori wa Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini. Hakuna mtu aliyekwenda kumfunga kamba porini kama ng'ombe au mbuzi. Watu wa kwanza kulima ngano na shayiri waliweka akiba, akiba ikaita panya, panya wakaita paka. Kwa maneno mengine, paka ni mtoto wa depo. Mpaka hapo mama ana haki: alikuja juu ya kazi.

Lakini kwenye kisiwa cha Kupro, mahali panapoitwa Shillourokambos, wachimbaji Wafaransa walikuta kaburi la miaka karibu 9,500. Ndani kuna mtu, na sentimita 40 tu kutoka kwake kuna paka wa miezi kama minane, amelazwa mzima kwenye shimo lake mwenyewe. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2004 na Jean-Denis Vigne na wenzake. Kisiwa kile hakikuwa na paka-pori wa asili, kwa hiyo ukoo wake uliletwa na watu kwa chombo cha majini. Mutu hamuzike panga lake karibu yake namna ile na kumchimbia shimo lake. Tangu mwanzo kabisa, kazi na mapenzi viliingia nyumbani kwa mlango mmoja. Hapo dada yangu naye akapata haki yake.

Sasa twende Misri. Herodotus, Mgiriki aliyetembea kule katika karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kwamba nyumba ikifiwa na paka kwa kifo cha kawaida, wote wanaokaa humo wananyoa nyusi. Ikifiwa na mbwa, wananyoa mwili wote na kichwa. Paka wenyewe walipelekwa kuzikwa katika mji wa Bubastis, mji wa Bastet, mungu wao mwenye umbo la paka.

Nilikaa na zile nyusi siku nyingi. Kwa nini zilinishika? Sababu nyusi zina kalenda yao. Ukizinyoa leo, jirani anakuona barabarani, anajua nyumba yako imefiwa, hakuulizi maswali ya kijinga. Kisha zinaota tena polepole, na baada ya miezi michache uso wako unarudi kuwa uso wa kila siku. Hakuna anayekuamuru uache kulia, na hakuna anayekuruhusu ulie milele. Sisi pia tunajua jambo hilo. Matanga ina siku ya kuanza na ina siku ya kuondolewa. Mwenye kufiwa hajasahau siku hiyo, ila anaruhusiwa kurudi shambani.

Lakini historia si ya kupaka sukari. Wamisri haohao, katika karne za mwisho za dini yao ya kale, walifuga paka kwa maelfu ili wauawe wangali wadogo, wafungwe vitambaa na kutolewa sadaka hekaluni. Picha za eksirei zimeonyesha shingo zilizovunjwa. Na mwaka 1890 meli zilipeleka Liverpool, Uingereza, tani karibu 19 za paka hao waliokaushwa. Walikadiriwa kuwa 180,000. Wakauzwa kwenye mnada, wakasagwa kuwa mbolea ya mashamba. Sisi wa agronomia tunajua mifupa ina fosforasi, lakini nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Kuna habari nyingine ya Misri iliyonichoma zaidi. Diodorus wa Sicilia alikuwa kule kama miaka 60 kabla ya Kristo. Aliona kwa macho yake Mrumi mmoja aliyeua paka bila kukusudia. Watu wakavamia nyumba yake. Mfalme aliogopa Roma, akatuma wakubwa wake kumwombea, lakini haikusaidia kitu: Mrumi akauawa. Mimi sikukusudia pia. Hakuna aliyevamia nyumba yetu. Mama alinipatia chakula jioni ileile kama kawaida, na hiyo ilikuwa nzito kuliko fimbo.

Jibu lenyewe nililipata mbali, Borneo, kisiwa cha Asia. Katika miaka ya 1950 Shirika la Afya Duniani lilipigana na malaria katika Sarawak kwa kupulizia DDT ndani ya nyumba. Mbu walipungua, na hilo ni jambo jema, tusilidharau, sisi tunaojua malaria. Lakini paka walijisugua kwenye kuta zilizopuliziwa, wakajiramba manyoya kama kawaida yao, wakafa. Panya wakajaa. Mwaka 1960 ndege ya jeshi la anga la Uingereza ikaangusha kwa miavuli paka zaidi ya 20 kwenye milima ya Wakelabit, mahali panapoitwa Bario, pamoja na mizigo mingine. Watu wanapenda kuisimulia wakicheka: paka wanashuka kutoka mbinguni ndani ya vikapu!

Mimi sikucheka. Nilijiuliza swali moja tu: na kama kuta bado zina dawa? Kuleta paka ni rahisi, hata ndege inaweza. Kazi ngumu ni kuondoa kile kilichomuua wa kwanza.

Basi bandugu, hapo ndipo niliona kwamba sisi watatu nyumbani tulikuwa tunabishana juu ya kitu kisichokuwa chenyewe. Mama alihesabu magunia. Dada alihesabu siku za kulia. Hakuna aliyehesabu sumu. Na mimi niliyepaswa kuihesabu, nilijificha nyuma ya matanga. Nilikuwa nasema "tungoje kidogo, bado inauma", kumbe nilikuwa naogopa kurudi kuinama chini ya zile mbao.

Nikarudi. Tulitoa magunia yote nje siku moja ya jua. Nilifagia unga wote wenye sumu nikiwa nimevaa glavu, nikaufukia mbali na kisima na mbali na kuku, pamoja na panya tisa waliokauka pembeni. Panya mmoja wa hao angetosha kumuua paka mpya juma lilelile mama alilomtaka. Tukaziba mashimo ya ukuta kwa sementi na vipande vya bati. Mbao tukaziinua, na magunia sasa yanakaa mbali na ukuta ili mutu apite nyuma yake. Maharagi ya mbegu tumeweka ndani ya pipa la chuma lenye kifuniko. Mitego inafanya kazi usiku. Panya hawajaisha, lakini wamepungua, na sumu haitaingia tena kwenye parseli yetu. Nilimuahidi mama mbele ya dada.

Kazi hiyo yote, pamoja na kungojea na kuchunguza kama kuna panya mwingine aliyekufa bila kutegwa, ilichukua karibu miezi mitatu. Sikuipanga hivyo. Ndio muda ambao nyusi zingetosha kuota.

Kama munauliza siku gani kuleta paka mwingine, mimi nasema hivi. Machozi yasikuzuie, unaweza kumlea mpya na bado kulia wa zamani. Panya nao wasikukimbize. Lakini ujue kwanza wa kwanza alikufa na nini. Kama ni gari, tazama ua. Kama ni ugonjwa, muulize veterineri na usafishe alipolala. Kama ni mkono wako, utoe mkono wako kwanza.

Jirani ana paka aliyezaa, watoto wana juma la saba. Dada ameshachagua mmoja, mweupe mwenye doa sikioni, na ameapa hataitwa Kapita. Mama alikubali. Jana nilimsikia kwenye depo akihesabu magunia peke yake, akasema kwa sauti, "Kapita, toka hapo," halafu akanyamaza.

Atakuja siku ya posho. Wenye uzoefu wa kuhifadhi mahindi bila sumu, munisaidie hapa chini.