Majimbo ya Marekani yalivyobadilishana kambi

JIMBO la Vermont, nchini Marekani, liliwaunga mkono wawaniaji urais wa chama cha Republican katika kila uchaguzi tangu 1856 hadi 1988, ila 1964 pekee. Tangu 1992 limekuwa ngome ya Democrat.

Georgia ilifuata mkondo kinyume. Haikuwahi kumchagua mwaniaji wa Republican hadi 1964, mwaka ambao Rais Lyndon Johnson wa Democrat alitia saini sheria ya haki za raia, iliyowaghadhabisha wazungu wengi wa Kusini.

Mnamo 2008 Barack Obama, ambaye babake alikuwa Mkenya, alinyakua Virginia na Indiana, zilizokuwa zimeikataa Democrat tangu 1968. Indiana ilirejea Republican 2012, Virginia haijarejea. Georgia nayo ilimpa Joe Biden ushindi 2020 kwa kura 11,779 tu, kisha ikamrudia Donald Trump 2024.