Historia Fupi ya Neno "Kinga" katika Matibabu ya Watoto

Neno kinga ni kongwe kuliko maradhi yaliyolieneza. Huko Wambaa, katika Wilaya ya Mkoani, kusini mwa Pemba, kama ilivyo pwani yote, watu hukinga ndoo mvua inyeshapo, na wazee walikinga mashamba yao kwa kago. Katika matumizi hayo kinga ni kitu kiwekwacho mbele ya kingine: hakijifunzi wala hakisahau. Maana hiyo ilitufaa kwa muda, kisha ikatupungukia.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilipotoka mwaka 1981 haikuwa na neno UKIMWI. Maradhi yenyewe yaliripotiwa mwaka huo huo, huko Marekani. Wagonjwa wa kwanza walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na Zanzibar mwaka 1986. Majina ya mitaani yalitangulia, kama kawaida, "Juliana" la Kagera likiwa moja lao. Kisha likaja jina la Upungufu wa Kinga Mwilini, ambalo kwa kifupi chake limeenea kuliko istilahi nyingi zilizopitia vikaoni. Jina hilo liliacha jambo moja: kwamba upungufu huo hutokana na kuambukizwa. Kwa mtu mzima pengo hilo halina madhara makubwa. Kwa mtoto aliyeambukizwa na mama yake, ni rahisi kudhani kuwa ni udhaifu wa ukoo.

Dawa nazo ziliitwa za kurefusha maisha, za kupunguza makali, na hatimaye za kufubaza virusi. Kufubaza ni chaguo jema, kwani kilichofubaa hakijafa.

Ugumu uko kwa watoto. Utafiti wa Afrika Kusini uliotangazwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kuwaanzishia watoto wachanga dawa mapema kulipunguza vifo kwa asilimia 76. Tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, bado ni kubwa kwa mtoto, kwa hiyo seli mpya za CD4 huzaliwa kwa wingi kuliko kwa mtu mzima. Lakini seli hizo ni ngeni. Nyingi kati ya zile zilizoijua surua kwa chanjo ya awali zimekwisha kuangamia, na idadi ikipanda hairudishi zilichokijua. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtoto huyo achanjwe surua tena kinga yake ikiisha kuimarika. Sasa, mama wa Wambaa akiambiwa "kinga ya mwanao imerudi", atauliza, naye ana haki: chanjo ya nini tena? Lugha yetu ndiyo iliyomwambia kwamba ngao ikirudi, imerudi nzima.

Kuna na jambo la pili. Mara nyingine kinga ipatayo nguvu huvikuta vijidudu vilivyokuwa vimetulia, hata vile vilivyodhoofishwa vya chanjo ya kifua kikuu, na kovu la begani likavimba na kutunga usaha wiki chache baada ya dawa kuanza. Mzazi hudhani dawa zimemdhuru mtoto. Kwa hali hiyo tunapendekeza "mwako wa kinga". Na itakumbukwa kwamba kinga, kwa neno jingine la sauti ile ile, ni ukuni uwakao.

Kwa tendo lenyewe tumechagua "mwitiko wa kinga". "Majibu ya kinga" tuliyakataa, kwani hospitalini majibu ni matokeo ya vipimo. Na kwa kile kilichopotea, "kumbukumbu ya kinga", ili muuguzi aweze kumwambia mama: kinga ya mtoto imerudi, kumbukumbu yake bado.